Kisigino cha Mama wa Kiwanja

Abiria wa kwetu wana desturi ya kupiga makofi ndege ikigusa ardhi. Mimi hukaa mbele, mlango umefungwa, lakini makofi nayasikia, na kila nikiyasikia namkumbuka mwanamke mmoja wa Kibondo ambaye yalimuudhi kuliko mbuzi wa jirani. "Kutua ndiyo kazi yake," alikuwa akisema. "Mpishi mnampigia makofi kwa kuwa ugali umeiva? Mpigieni yule aliyeona hapatuliki akageuza." Watu walicheka, kwa sababu aliyegeuza hawezi kupigiwa makofi na waliokuwa wakimsubiri Kibondo. Wakati huo yuko Kigoma anakunywa chai.

Tulimwita Mama wa Kiwanja. Jina lake nalijua na silitaji, maana mwenyewe hakulipenda. Sitasema pia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ukimuuliza ukoo wake alikujibu, "Nimeolewa na kiwanja," na mazungumzo yakaishia hapo. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi kandokando ya kiwanja cha ndege, kufukuza mifugo, kushona soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma, inapochanika, na kukagua njia kabla hazijatua ndege ndogo zinazoleta watu wa mashirika wanaokwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta. Nyumba yetu ilikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa, kwa hiyo nilimjua kabla sijajua kusoma.

Kama unatafuta bibi wa hadithi, mwenye sauti laini na methali kila baada ya sentensi mbili, huyu siye. Alikuwa mbishi. Alibishana na redio. Siku moja alibishana na shehe asubuhi na padri jioni juu ya jambo lile lile, na akawashinda wote wawili kwa kutetea pande mbili tofauti. Nampenda kwa hilo hadi leo, na sitaki mtu anisaidie kumlainisha.

Kiwanja alikikagua kwa kisigino. Alivua ndala, akazishika mkononi, akatembea peku kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia, na kila baada ya hatua kumi alisimama, akashindilia kisigino cha kulia ardhini kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao. Kikigonga, alisonga mbele. Kikizama mpaka kifundo, alirudi kufuata khanga yake nyekundu, akasimama nayo katikati ya njia, kaitandaza mbele ya kifua kama anayekwenda kuianika. Marubani waliozoea njia hizi walijua maana yake: leo hapana. Kuna wataalamu waliwahi kumletea chuma cha kupimia ugumu wa ardhi, chenye namba na mshale. Alikishukuru sana, na walipoondoka akakitumia kufungia mbuzi.

Hapo kwenye mbuzi niseme na ubaya wake. Mbuzi wa mtu yeyote aliyeingia kiwanjani alikamatwa na kufungwa kwenye mlingoti wa soksi ya upepo, na mwenyewe akija kumfuata alitukanwa kwanza. Lakini yeye alikuwa na mbuzi watatu, na walikula nyasi za kiwanja hicho hicho mchana kweupe. Mama yangu alimwuliza siku moja imekuwaje.

"Hao wangu wanajua ratiba," alisema, bila kucheka.

Na kuna siku alikosea, tena vibaya. Ndege ilikuwa inamleta daktari wa macho. Wazee wa vijiji vingi walikuwa wameshafika hospitali, wengine wakiongozwa kwa fimbo na wajukuu. Asubuhi kisigino kikazama mpaka kifundo, akasimama na khanga, ndege ikageuza, na daktari hakurudi hadi msimu mwingine. Mchana ule ule ikajulikana kuwa palipozama palikuwa njia ya fuko tu. Pengine pote ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mzee mmoja alimwambia mbele za watu, "Wewe ndiye umenifumba macho."

Alikuja kwetu akakaa chini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Nimekosea," alimwambia mama.

"Basi nenda ukaombe radhi."

"Nitakwenda. Lakini nisikudanganye, mwenzangu. Kesho kisigino kikizama nitakataa tena."

Akaenda. Nilimfuata. Alipita kwa mzee mmoja mmoja pale barazani hospitali, akaweka fyekeo lake chini, akainama, akapiga makofi.

Hayo makofi si yale ya abiria. Sisi Waha tunasalimiana kwa viganja, polepole, mwili umeinama, mdogo akimwanza mkubwa, na maneno yanakwenda pamoja nayo: mwakeye, mwakeye. Ni heshima kabla ya kuwa salamu. Mama wa Kiwanja alikuwa mchoyo nayo. Marubani wote waliopita pale, wenye kofia na mabega ya dhahabu, hakuna aliyewahi kupigiwa. "Mikono yangu ina fyekeo," alisema. Kwa wazee wale lilikuwa chini, kwa kila mmoja wao. Yule aliyesema amefumbwa macho aligeuza uso na hakuitikia. Yeye akamaliza makofi yake hivyo hivyo, akanyanyuka, akarudi kiwanjani, na kesho yake alishinda akichimba fuko.

Neno lake kubwa lilikuwa oya. Kwetu oya ni hapana. Kwa vijana wa Dar es Salaam oya ni kumwita mtu: wewe bwana, sikia, mambo vipi. Katikati ya maana hizo mbili mwanamke huyu alifanya kazi miaka yake yote. Siku moja rubani kijana kutoka mjini alikuwa ameshawasha injini, na mkanda wa mlango wa mizigo unaning'inia nje. Mama wa Kiwanja akasimama mbele ya bawa.

"Oya!"

Rubani akafungua kidirisha. "Oya, mama! Mambo?"

"Oya!"

"Oya, poa kabisa! Kaa pembeni basi!"

"Oya, oya, oya!"

"Huyu bimkubwa mchangamfu kweli," rubani alisema, na akampungia. Waliendelea kusalimiana hivyo, mmoja akikataza na mwingine akifurahi, mpaka mbeba mizigo alipomaliza kucheka akaenda kuuonyesha mkanda. Tulilicheka jambo hilo miaka na miaka. Yeye hakulicheka. Alisema neno moja likiwa na maana mbili, mwenye mwili mkubwa asimame mahali panapoonekana.

Ndege hakuwahi kupanda. Alipewa nafasi mara moja, kiti kilikuwa wazi mpaka Kigoma na kurudi, akakataa, akisema ana mbuzi. Ukweli ni kwamba hata ngazi ya kupandia darini aliiogopa. Lakini alijua ndege inayokuja juu mno na inayokuja haraka mno, na alijua kwa sauti ya injini kama rubani ametulia au anahangaika. Mwanamke mmoja Mrundi aliyekuwa anaondoka Nduta na watoto wake, safari isiyo na kurudi, alimshika mkono pale chini ya bawa akamwuliza, "Mama, iyi ndege ni nziza?" Ni nzuri hii ndege?

"Ndege ni nzima," akamjibu. "Anayeiendesha ndiye sijamwuliza."

Akaenda kumwuliza. Tulimwona anaongea na rubani kwa muda, rubani mwanzo anatabasamu, kisha hatabasamu. Akarudi. "Amelala vizuri na amekunywa chai. Panda."

Mimi nilimwambia yeye kwanza, kabla ya mama, kwamba nataka kuwa rubani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Kasulu, matokeo yangu ya fizikia yalikuwa mazuri, na nilijua watu watasema nini. Na kweli walisema. Walisema mwanamke gani, Muha gani, wa Kibondo gani. Baba alikuwa ameshafariki. Mtendaji wa kijiji niliyemwomba barua ya utambulisho aliandika kwamba ninakwenda nje ya nchi "kusomea ndege", na aliyeipokea wilayani akaniweka kwenye semina ya ufugaji wa kuku. Nikaitwa kwa jina. Mama wa Kiwanja aliniambia niende, nile chakula chao, hao nao wana mabawa. Nilirudi na vifaranga viwili.

Siku ile nilipomwambia, hakucheka wala hakusifu. Aliendelea kufyeka, kisha akauliza bila kunitazama.

"Rubani wa kutua au rubani wa kugeuza?"

Sikumwelewa. Nikasema rubani wa yote.

"Hayupo," alisema.

Aliyekuwa na uwezo wa kunisomesha ni Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwenye duka la magodoro na vitambaa Kasulu mjini. Alikuwa ameuza kiwanja chake kizuri cha barabarani kwa ajili yangu, na alinieleza wazi, kwa upole, kwamba hakuna kiwanja kingine. Ni shule moja. Nikichagua vibaya, nikirudi na cheti ambacho hapa nyumbani hakikubaliki, au nisirudi na cheti kabisa, basi ndoto imekwisha na nitauza magodoro. Alinipenda, na nilimwogopa kwa sababu hiyo.

Kwenye daftari langu nilikuwa na shule tatu, zote nje. Ya kwanza ililetwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam, rafiki wa rafiki wa Baba Mdogo. Ilikuwa mbali, kando ya bahari ya watu wengine, na kitabu chake cha picha kilinukia vizuri. Ndege mpya zenye vioo vya kompyuta, bwawa la kuogelea, miezi kumi na wewe ni rubani. Ya pili ilikuwa ya nchi jirani na ya bei rahisi. Ya tatu ilikuwa kusini mwa Afrika, juu kwenye nyanda zenye upepo, ndege zake za zamani, na tovuti yake ilikuwa na picha moja tu, ya nyasi.

Nilimpelekea Mama wa Kiwanja daftari lote. Hakulisoma, macho yake yalikuwa yameanza kusumbua na alisingizia jua. Nikamsomea. Masaa ya kuruka, idadi ya ndege, walimu wangapi kwa wanafunzi wangapi, cheti kinabadilishwaje ukirudi nyumbani.

"Ndege wanazo ngapi?"

"Hii ya bahari, ishirini."

"Zilizolala ngapi?"

Hilo halikuwamo daftarini. Ndege zinazolala alizijua. Moja iliwahi kukwama kwetu kwa ukosefu wa kipuri mpaka ndege hai wakajenga kiota kwenye injini. Akanieleza kwamba mwanafunzi wa ndege iliyolala naye amelala, na miezi kumi yake inakuwa miaka.

"Waandikie," alisema. "Lakini waulize swali moja tu zaidi. Waulize, mara ya mwisho mwanafunzi kukataa kuruka ilikuwa lini, na mlimfanya nini."

"Mama, watanicheka."

"Aliyekucheka umeshamjua. Si ndiyo faida?"

Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha sekondari, barua pepe tatu zinazofanana. Ya jirani hawakujibu. Kutoka kusini alijibu mwalimu mwenyewe, si karani, mistari michache. Ilikuwa Jumanne iliyopita, aliandika. Msichana mwenye miezi mitatu tu shuleni alisema upepo wa pembeni umemzidi, hapandi. Mwalimu wake aliona angeweza, lakini ndege haikutoka. Wakanywa chai, wakachora upepo ule ubaoni, na alasiri ulipotulia akapanda. Mwishoni akaongeza kwamba ndege zao ni tisa na mbili zimelala, na akataja ugonjwa wa kila moja. Nilisoma barua hiyo nimesimama nje ya kibanda cha kuchajia simu, kisha nikaisoma tena.

Wakala alisema atanijibu uso kwa uso, Kasulu, dukani kwa Baba Mdogo, na atakuja na fomu za kusaini. Mama wa Kiwanja aliposikia akaenda kwa jirani kukabidhi mbuzi. Sikumwomba. Alipanda basi na mimi kutoka Kibondo, kavaa viatu vya kufunika ambavyo sikuwahi kuviona, na akavivua tulipofika Makere kwa sababu vinabana.

Baba Mdogo alimkaribisha kwa adabu kwenye rundo la magodoro, akidhani ni mtu wa upande wa mama. Wakala akaingia, kijana mtanashati, akatandaza kitabu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliongea vizuri. Nisingekuwa na ile barua ya kusini mfukoni, ningesaini. Alipomaliza, nikamwuliza swali langu.

Akatabasamu. "Dada yangu, kwetu hakuna anayekataa kuruka. Wanafunzi wetu wote wanajiamini. Hiyo ndiyo siri yetu."

Mama wa Kiwanja akasema, kutoka kwenye magodoro, "Basi huko ama hakuna upepo ama hakuna ukweli."

"Samahani, huyu ni nani?" wakala alimwuliza Baba Mdogo.

"Oya," alisema Mama wa Kiwanja.

"Oya, mama!" Wakala alimgeukia, mikono wazi, amefurahi. "Niambie, mama yangu! Nakusikiliza!"

Baba Mdogo alikuwa Muha. Miaka ya Kasulu mjini na biashara za pwani ilikuwa imempa Kiswahili cha kanzu, lakini neno la mama yake alilijua. Niliona uso wake unataka kucheka na kukasirika kwa pamoja. Kukasirika kukashinda. Alinivuta nyuma ya pazia la stoo, akaniuliza huyu ni nani, nikamwambia.

"Unamleta mkata nyasi dukani kwangu kunifundisha?"

"Baba Mdogo, simleti akufundishe. Lakini huko siendi."

"Nimeuza kiwanja!"

"Najua. Ndiyo maana siendi. Kama ni huko, nitabaki Kibondo nifyeke."

Nilisema hivyo kwa sauti niliyodhani ni yangu. Ndani nilikuwa nakufa. Nilikuwa na nafasi moja maishani na nilikuwa nimeirudisha mkononi mwa aliyenipa, mbele ya mgeni wake. Akasema nipande basi la kwanza nirudi kwa mama yangu.

Tulirudi. Njia nzima nililia na Mama wa Kiwanja hakunibembeleza hata kidogo. Aliangalia dirishani, na mara moja tu alisema mahindi ya mwaka huu ni mafupi. Asubuhi iliyofuata nikamkuta mlangoni kwetu na fyekeo la pili.

"Ulisema utafyeka."

Nikafyeka. Nilifyeka msimu mzima wa mvua, viganja vikapasuka, na kijiji kilipita kunitazama, rubani wao. Aliyesema neno nilimjibu. Nilikuwa na hasira nyingi na nyasi zilikuwa nyingi, zikatoshana. Hapo ndipo aliponifundisha kisigino, na sauti za injini, na jinsi ya kutazama soksi ya upepo kwa muda badala ya mara moja, maana upepo wa kwetu una tabia ya kudanganya ukiusalimia juu juu. Hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Siku nilipozuia ndege mimi mwenyewe, khanga mkononi, alikuja akaweka kisigino chake kwenye shimo la kisigino changu, akaguna, akaenda zake.

Baba Mdogo alipiga simu mvua zikielekea kuisha. Hakusalimia kwa kirefu.

"Yule kijana nilimwomba anitajie mtoto mmoja tu wa Tanzania aliyesoma pale na sasa anarusha. Mmoja. Tangu siku ile bado anatafuta jina." Nikasikia akitafuta kalamu. "Hiyo ya nyasi inaitwaje?"

Nilikwenda kwenye nyasi. Sitasimulia miaka ile. Itoshe kwamba mara yangu ya kwanza kukataa kupanda, mwalimu aliniangalia, akaangalia mawingu, na akaenda kuchemsha maji.

Na sasa mwisho wake, ambao ndio unaonifanya niandike.

Nilikuwa rubani msaidizi kwenye ndege ndogo ya kukodiwa, mwaka wangu wa kwanza kazini, mkataba wa miezi michache unaoweza kufa kwa neno la mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa kepteni wangu, mtu wa Dar es Salaam, hodari, mcheshi, asiyependa kuchelewa. Ilikuwa mwezi wa tatu, asubuhi, tuna abiria wanane wa mashirika tunawapeleka Kibondo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Mlinzi mpya wa kiwanja, mtu mzima mwenye fulana ya kung'aa na cheti cha mafunzo, alikuwa ameshasema kwa simu kwamba kiwanja kiko freshi. Mama wa Kiwanja alikuwa ameondolewa kazini mwaka mmoja kabla, kwa umri na kwa macho. Mama yangu ndiye aliyenieleza, na alisema anakuja kiwanjani kila siku vile vile, na hakuna anayeweza kumtoa.

Tukashuka. Niliiona kwanza mimi. Katikati ya njia, nyekundu.

"Oya, cheki bibi anavyotupungia!" kepteni alisema.

"Hapungi. Anakataa."

"Jamaa wa kiwanja kasema kuko freshi. Huyo bibi ni nani pale?"

"Alikuwa mlinzi."

"Alikuwa. Atatoka tu, akisikia injini atatoka."

Alikuwa sahihi kwa karatasi zote. Mwanamke yule hakuwa na fulana, hakuwa na kazi, hakuwa na macho. Nilijua pia habari ya fuko. Pengine kepteni angeijua angecheka. Na nilijua mkataba wangu. Ardhi ilikuwa inakuja na yeye hakusogea, na mimi nilijua, kuliko nilivyojua kitu chochote duniani, kwamba hatasogea.

"Oya," nilisema.

"Oya nini?"

"Oya ya kwetu, Kepteni. Hapana. Zunguka."

Kwa kanuni zetu mmoja akisema zunguka, mnazunguka, na mnabishana juu. Alikuwa mtu wa kanuni, nampa haki yake. Alisukuma injini nguvu zote, pua ikainuka, na khanga ikapita chini yetu. Tukaenda kutua Kigoma. Hakuna aliyepiga makofi. Abiria mmoja alilalamika sana juu ya mkutano wake. Tulipofunga milango kepteni akasema ataandika ripoti na mimi niandike yangu, nieleze nimekataa kutua kwa amri ya bibi kizee mwenye khanga. Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na nikasaini.

Siku ya tatu jua likawa limewaka vya kutosha, tukaenda tena, na tukatua. Kama siku ile ya kwanza tungetua salama, sijui. Hakuna anayejua, na nimekubali kwamba sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba niliteremka na kutembea hadi katikati ya njia, na palikuwa na tundu la kisigino limekaukia pale, refu kiasi cha kumeza kikombe cha chai. Kepteni alikuja nyuma yangu, akachuchumaa, akaingiza mkono ndani. Akarudi kwenye ndege.

Mama wa Kiwanja alikuwa amesimama kandokando ya nyasi, fyekeo mkononi, mbuzi wawili nyuma yake. Alikuwa amepungua. Alikuwa anatazama upande wangu kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho.

"Juzi ndege hii iligeuza mara moja tu," alisema. "Wengine huzunguka mara tatu kubishana. Nani aligeuza? Wewe au yule mwenye kofia?"

"Nilisema mimi."

"Ulisemaje?"

"Nilisema oya."

Hapo ndipo aliponitambua, nadhani, au labda alikuwa amenitambua tangu ngazini. Akainama taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaweka fyekeo chini. Akanyoosha viganja vyake na kuanza kunipigia makofi, yeye mkubwa akimwanza mdogo, polepole, mbele ya abiria na kepteni na mlinzi mwenye fulana ya kung'aa.

"Mwakeye," alisema. "Mwakeye, rubani."

Mimi sikuweza kuitikia nimesimama. Nilipiga magoti pale pale kwenye udongo wa njia, na suruali yangu nyeusi ya sare na mabega yangu ya dhahabu, nikapiga makofi, na nililia bila kujificha.

Aliniacha kidogo. Kisha akaokota fyekeo lake.

"Inuka," alisema. "Umekaa njiani."